Kuchagua na kuboresha bunduki ya kwanza ya peintiboli Unguja na Pemba

Anayetaka bunduki yake ya kwanza ya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi, naye anaishi Unguja au Pemba, na aanze kwa kufikiri atapata wapi hewa ya kuijaza. Bunduki hizi husukuma risasi ya rangi ama kwa gesi ya kaboni dioksaidi ama kwa hewa iliyoshindiliwa. Gesi hiyo haitufai: shinikizo lake, ambalo ni kiasi cha bar 57 katika nyuzi 20 za Selsiasi, hufika bar 72 hivi katika nyuzi 30, na joto la kaskazi hupita hapo, kwa hiyo bunduki iliyopimwa kasi yake asubuhi inaweza kurusha kwa kasi ya hatari ifikapo adhuhuri. Mtungi wa hewa una regyuleta inayotoa shinikizo lisilobadilika sana. Chagua wa bar 200 badala ya bar 300, kwa sababu mitungi ya wazamiaji, ambayo vituo vya uzamiaji vya Nungwi na Kendwa huijaza kila siku, kwa kawaida hujazwa hadi bar 200. Waulize mapema kama watakubali kujaza wako, na kama wana kiungio kinachoufaa. Mtungi uliopitwa na tarehe ya kupimwa iliyogongwa juu yake usijazwe kamwe.

Barakoa inunuliwe kabla ya bunduki, na iwe ya peintiboli hasa, yenye kioo cha tabaka mbili kisichofanya ukungu katika unyevu wetu. Miwani ya kuzamia au ya jua haiwezi kuzuia risasi inayokwenda hadi mita 91 kwa sekunde, na jicho halina kipuri.

Kwa bunduki yenyewe, ninashauri ya kimakanika yenye mwili wa chuma au alumini, kama Tippmann 98, inayotumia risasi za kawaida za inchi 0.68, kwa kuwa ina sehemu chache na fundi mwangalifu anaweza kuifungua mezani. Za kielektroniki ziache kwanza; chumvi ya pwani haina huruma na saketi. Kabla ya kuagiza, pata maelezo ya Polisi na ya forodha, maana kifaa chenye umbo la silaha kinaweza kuzuiliwa bandarini.

Kuhusu maboresho, wengi hukimbilia mtutu mrefu wakidhani utapeleka risasi mbali zaidi. Umbali hutegemea kasi, na kasi ina kikomo. Mtutu mzuri ni ule ambao kipenyo chake kinalingana na risasi, na urefu wa sentimita 30 hadi 36 unatosha. Hata huo hautasaidia ikiwa risasi zimeharibika: ganda lake ni la jelatini, hunyonya unyevu, huvimba na kupasukia ndani ya mtutu, hasa wakati wa masika. Nunua chache, zifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uziweke mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, na usizitie kwenye friji.

Kila baada ya mchezo futa chumvi, kagua oringi, yaani pete za mpira zinazozuia hewa kuvuja, na upake mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji tu, kwani dawa za kulegeza kutu zinaweza kuharibu mpira wa pete hizo. Ukicheza katika shamba la minazi, pata ruhusa ya mwenyewe na umwarifu sheha, ili jirani akisikia milio asidhani ni jambo jingine.