Funksheni za C ndani ya PostgreSQL: achana na malloc

Ukiandika funksheni yako ya C ya kupachika kwa PostgreSQL (databesi), kitu cha kwanza sahau malloc, ile ya kawaida ya C ya kuomba memori, tumia palloc, ya PostgreSQL yenyewe. Mi nilijifanya mjuaji, nikaandikia duka moja la hapa Kongowea funksheni ya kusafisha orodha za namba za simu, 07 igeuke +2547, orodha moja yafika MB kadhaa, nikainakili yote kwa malloc na chini nikaweka free, ya kuirudisha memori, safi kabisa. Kwa laptop yangu fiti. Siku ya tatu seva ikazima.

Kumbe namba mbovu ikiingia napiga ereport(ERROR), ya PostgreSQL ya kutangaza era, na hiyo hairudi, yaruka mojakwamoja, free yangu haifikiwi, na koneksheni ilikuwa haifungwi siku nzima bas prosesi yazidi kunenepa tu.

palloc ni kama vyombo vya kukodi vya harusi, hurudishi sahani moja moja, shughuli ikiisha mwenyewe aja na mkokoteni azoa zote. Hiyo shughuli ndo huitwa konteksti ya memori. Era ikitokea pia vyazolewa. Na usihangaike na if (p == NULL), palloc ikikosa memori yatupa era yenyewe, hata ukiomba GB 1 kwa mpigo itakataa.

Sasa wengi wanapoumia ni hapa: wataka kuweka kitu kutoka row (mstari wa jedwali) moja hadi nyingine, wakiweka kwa pointa ya static, isiyopotea funksheni ikiisha. Konteksti ya kawaida husafishwa kila row, kwa hivyo row ya kwanza sawa, ya pili takataka. Omba kwa konteksti inayokaa (fn_mcxt), pointa yake uiweke fn_extra; Hesabu ni struct yako:

fcinfo->flinfo->fn_extra = MemoryContextAllocZero(fcinfo->flinfo->fn_mcxt, sizeof(Hesabu));

Fanya hivo mara moja tu, fn_extra ikiwa NULL. TopMemoryContext usiguse kama huna sababu, huko hakuna mkokoteni mpaka koneksheni ife.

Text (aina ya maandishi ya PostgreSQL) ya kurudisha ni palloc(VARHDRSZ + urefu), yaani kichwa cha kuwekea ukubwa pamoja na maandishi, kisha SET_VARSIZE kuandika huo ukubwa. Ile uliyopewa usiiandike juu, yaweza kuwa ndani ya bafa ya databesi yenyewe wallahi utaharibu data za watu.

Kucheki memori inavyotumika, kuanzia toleo la 14 piga SELECT * FROM pg_backend_memory_contexts kwa sesheni hiyohiyo. Ila ya malloc haionekani humo, ndo maana mi nilikesha nikiangalia namba zote ziko sawa na huku top (programu ya kuonyesha prosesi za mashine) yaonyesha prosesi imefura.