SOMO: Kuzuia darubini isishike ukungu asubuhi za baridi, Kitulo hadi Njombe

Wakuu, baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo hii. Uwanda wa Kitulo, takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, unaamka na sakitu kwenye nyasi. Msimu kama huu nawaona waongoza watalii vijana wameficha darubini ndani ya koti ili ipate joto. Tafadhali tuache.

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kioo cha baridi, mvuke unageuka matone. Ni kweli kioo kilichopata moto hakishiki ukungu, ila huku juu kinapoa upesi, na unyevu wa jasho lako unabaki kwenye mpira wa darubini unaogusa macho. Mgeni amekuja kumwona kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Kima anavuka matawi na kupotea, wewe bado unafuta lenzi. Inaniuma sana. Kwa hiyo acha kioo kilingane na baridi ya nje, na joto la mwili wako likae mbali nacho.

1. Usiku. Darubini isilale chumba chenye jiko la mkaa. Iweke stoo au ndani ya gari, kwenye begi lililofungwa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kifuko kilichokaa wazi siku nyingi kimeshashiba, kitupe.

2. Itoe nje nusu saa kabla ya safari, mifuniko ikiwa imefungwa.

3. Njiani ining'inie juu ya koti. Funga zipu hadi shingoni, maana ukipanda mlima jasho linatoka kama mvuke kwenye kola na kupiga moja kwa moja lenzi za macho. Mfuniko wa upande huo usiondoke mpaka umeona kitu cha kuangalia.

4. Kuangalia. Hapa ndipo penye kazi. Skafu ikifunika mdomo, pumzi yote inapanda juu kwenye kioo. Ishushe chini ya kidevu. Toa pumzi kabla ya kuinua darubini, kisha pumua taratibu ukielekeza hewa chini. Usiikandamize usoni. Jicho lenyewe lina joto na unyevu, hivyo acha upenyo mdogo upepo upite. Ukiona pembeni panaanza weupe, ishushe kidogo, upepo utausafisha.

5. Ukungu ukishashika, usifute kwa shati wala kitenge. Vumbi la barabara ya Chimala hadi Matamba, na zile kona zake 57, limejaa kwenye nguo zako, nalo litakwaruza utando wa lenzi, yaani ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Peperusha vumbi kwanza, kisha tumia kitambaa laini cha miwani.

6. Kushuka. Ukitoka Kitulo kwenda Kyela, unaacha baridi na kuingia joto lenye unyevu wa Ziwa Nyasa. Ukiwa bado juu, ifungie darubini kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Usifungue mpaka kopo lenyewe limepata joto la huko. Matone yatakaa nje ya kopo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tukuyu): Kaka, yangu ina ukungu ila nikifuta pande zote mbili hautoki.
Jibu: Basi uko ndani, dada. Darubini nzuri hujazwa gesi kavu ya nitrojeni na kuzibwa kwa ringi za mpira. Ringi zikichoka, gesi inatoka na hewa yenye unyevu inaingia. Usifungue skrubu mwenyewe, vioo vya ndani vikisogea utaona picha mbili. Mpelekee fundi wa kamera anayeweza kuiziba na kuijaza gesi upya. Kuikausha tu kutakupa nafuu ya muda.

Swali (Mafinga): Nikiizika kwenye mchele?
Jibu: Hapana. Mchele una vumbi la wanga, na unanyonya unyevu kidogo sana.

Swali (Makete): Nimesikia sabuni ya mche ikipakwa kidogo inazuia.
Jibu: Inazuia kweli, lakini lenzi za siku hizi zina utando mwembamba, sitaki uusugue. Nunua dawa ya miwani iliyoandikwa kuwa inafaa lenzi zenye utando.

Swali (Chunya): Shikamoo mwalimu. Mimi nawinda kwa leseni, alfajiri darubini ya bunduki inaziba.
Jibu: Marahaba. Kanuni ni ileile. Bunduki ikae bila risasi kwenye kabati lake lililofungwa, na vifuko vya kunyonya unyevu humo humo. Mifuniko ya lenzi ibaki hadi dakika ya mwisho. Tatizo lako kubwa ni shavu: ukilaza shavu kwenye kitako, pumzi inafika kwenye lenzi ya nyuma, hivyo toa pumzi kabla ya kulenga. Na kama kioo kimeziba, hata kidogo, usifyatue. Humwoni mnyama vizuri, na huoni nani yuko nyuma yake.