Kunjua ekstensheni yote kabla ya kutumia umeme wa gari nyumbani
Kwa wenye magari ya umeme yanayoweza kuwasha vifaa vya nyumbani, kama Hyundai Ioniq 5 ambayo hutoa hadi wati 3,600: umeme ukikatika na ikabidi uvute waya kutoka garini hadi jikoni, kunjua ekstensheni yote kutoka kwenye gurudumu lake la kuviringishia waya, hata kama friji iko mita 5 tu na waya una mita 25. Waya unaopitisha umeme hupata joto, na ukiwa umeviringishwa tabaka juu ya tabaka joto hilo halina pa kutokea, hivyo plastiki yake inaweza kulainika na hata kuyeyuka huku gari likiendelea kutoa umeme, kwa sababu kinga ya gari huangalia mzigo, haiangalii joto la waya wako. Soma kibandiko cha gurudumu hilo la waya: mara nyingi kina viwango viwili vya wati, kidogo cha waya ulioviringishwa na kikubwa cha waya ulionyooshwa. Friji, ruta na taa ni mzigo mdogo. Birika la umeme na pasi ndivyo vya kuogopa. Mbinu hii haisaidii pale waya wenyewe ulipo mwembamba, wala kwa shawa ya umeme, ambayo kwa kawaida huzidi uwezo wa gari. Na waya huo uishie kwenye kifaa chenyewe, kamwe usichomekwe kwenye soketi ya ukutani, kwani umeme unaweza kurudi hadi kwenye nguzo na kumpiga fundi aliyepanda kuitengeneza.