Kuiandaa na Kuiuza Nyumba Tanzania: Anza na Karatasi, Rangi Itafuata

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hiyo haiuzwi na watu wajihadhari na matapeli. Maandishi hayo huwekwa kwa sababu zipo nyumba ambazo zimewahi kuuzwa na asiyekuwa mwenyewe, au na ndugu mmoja bila wenzake kujua. Mnunuzi makini huja akiwa na hofu hiyo, na kazi ya kwanza ya muuzaji ni kuiondoa.

Kwa hiyo kusanya nyaraka kabla ya kumwita dalali. Tafuta hati miliki au, kwa maeneo ambayo hayajapimwa, leseni ya makazi na mikataba ya zamani ya mauziano. Lipa kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu na utunze stakabadhi. Kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwingine, hivyo ridhaa hiyo ipatikane mapema na kwa maandishi, hata kama jina lililo kwenye hati ni moja tu. Nyumba ya urithi iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, baada ya warithi kukubaliana, kwa kuwa kikao cha ukoo peke yake hakimpi mtu mamlaka ya kusaini. Ikiwa hati iko benki kama dhamana, mweleze mnunuzi tangu siku ya kwanza, kwa sababu akifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ataliona deni hilo.

Matengenezo yasikumalizie akiba. Ziba paa linalovuja, rekebisha mabomba, nyonya shimo la choo, fyeka uwanja, kisha upake rangi nyepesi. Kuta zinazotoa chumvi kwa unyevu zitibiwe kwanza, maana rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubanduka masika yakianza. Sishauri kujenga jiko jipya ili kupandisha bei, kwa kuwa wanunuzi wengi hubomoa na kupanga upya wapendavyo.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Muuzaji hujumlisha saruji, nondo na jasho lake, ilhali mnunuzi hutazama kiwanja, barabara, maji na kama eneo hufurika. Mlipe mthamini aliyesajiliwa, ulinganishe na bei ambazo nyumba za jirani zimeuzwa kweli, wala si zile zinazotangazwa. Kamisheni ya dalali iandikwe mapema, na ielezwe wazi kuwa italipwa mauzo yakikamilika. Madalali watano wakitaja bei tano tofauti, mnunuzi atadhani kuna jambo.

Mkataba uandaliwe na wakili na utaje namba ya kiwanja, mipaka, awamu za malipo, siku ya kukabidhi, na vitu vitakavyobaki, kama vile tangi la maji na viyoyozi. Fedha zipite benki. Hati halisi usiikabidhi kabla ya malipo kukamilika, isipokuwa iwe mikononi mwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa. Kumbuka pia kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali, ambayo kwa kawaida humhusu muuzaji. Uliza mamlaka ya mapato kabla ya kutaja bei ya mwisho, usije ukakuta faida uliyoihesabu imepungua.

Baada ya kukabidhi funguo, fuatilia uhamisho wa miliki hadi jina la mnunuzi liingie kwenye daftari la ardhi, kwa sababu jina lako likibaki humo, madai ya pango yataendelea kukujia wewe.