Umeme wa kamera ya kupozwa: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda porini

Kamera ya astronomia yenye kipozaji haina kawaida ya kuzimika ghafla betri inapochoka. Nyingi hupata umeme wa kusoma na kutuma picha kupitia waya wa USB, na zile volti 12 ni za kipozaji peke yake. Betri ikilegea, picha zinaendelea kuingia kwenye kompyuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachobadilika ni joto la kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: linapanda nyuzi moja moja, vinukta vya kelele vinaongezeka, na zile picha za giza (zinazopigwa bila mwanga wowote ili kuondoa kelele baadaye) ulizopiga kwa nyuzi -10 hazilingani tena na kazi ya usiku huo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza betri ina ampea-saa ngapi, uliza kamera inapata volti ngapi mwishoni mwa waya, kipozaji kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho.

Jibu lake linapatikana nyumbani, kwa multimita na hesabu ndogo. Kamera nyingi za aina hii huvuta hadi ampea 3. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo kuna mita 10 za shaba njiani, na ukinzani wake ni karibu omu 0.24. Ukipitisha humo ampea 5, yaani kamera pamoja na hita za kuzuia umande kwenye lenzi, volti 1.2 zinapotea kabla hazijafika popote. Betri ya asidi na risasi iliyokwisha nusu huwa na volti 12.1 hivi ikiwa imetulia, na ikibebeshwa mzigo hushuka zaidi. Toa 1.2, utaona kamera inabaki chini ya volti 11. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa urefu uleule unapoteza volti 0.4 tu. Watu hununua betri kubwa zaidi kutibu tatizo la waya, kisha wanashangaa halijapona.

Kagua na plagi yenyewe. Plagi za duara za milimita 5.5 ziko za aina mbili zinazofanana kabisa kwa nje: tundu la katikati la milimita 2.1 na la 2.5. Ya 2.5 huingia bila shida kwenye soketi ya 2.1, lakini inashika kwa kugusagusa. Darubini ikigeuka na kuuvuta waya, kipozaji kinakatika sekunde moja kisha kinarudi. Itikise kwa kidole huku ukitazama namba ya joto kwenye programu, ikirukaruka, badilisha. Plagi ya kiberiti cha gari nayo mimi siiamini kwa kazi ya usiku kucha, kwa sababu hulegea na kupata moto. Viunganishi vya kufunga kwa skrubu au vya kubana sawasawa ni salama zaidi, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kamera. Beba na fyuzi za akiba.

Halafu amua joto unalolihitaji kweli. Hapa ndipo umeme mwingi unapookolewa bila kununua chochote. Kipozaji cha Peltier, yaani kile cha umeme kilichomo ndani ya kamera hizi, huzalisha joto ndani yake chenyewe, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo nyuzi chache za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Kamera yenye uwezo wa kushuka nyuzi 35 chini ya hewa, ikiwa nje kuna 22, itafika -10 kwa kuhema, ikiwa imebakiwa na nyuzi 3 tu za akiba. Kelele ya joto ya kihisi hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 6 au 7, lakini kwa vihisi vya siku hizi kelele hiyo ikifika nyuzi 0 tayari ni ndogo mbele ya mwanga wa anga lenyewe. Chagua kiwango ambacho kipozaji kinakifikia kwa asilimia 60 au 70 ya nguvu zake, hata kama ni 0 au -5, na upige picha za giza kwa kiwango hichohicho. Joto lisiloyumba lina faida kuliko joto la chini sana.

Ukishajua hilo, jumlisha. Tuseme kamera kwa wastani inakula ampea 2, kitako chenye mota kinachogeuza darubini 1, hita za umande 1.5, kompyuta ndogo 1. Hizo ni 5.5, na kwa saa 8 zinakuwa ampea-saa 44. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo itabidi iwe ya 90 au 100, na baridi itaipunguzia uwezo. Lithiamu ya LiFePO4 inakubali kutumika sehemu kubwa ya chaji yake, ya 60 inatosha, na ni nyepesi mno mgongoni. Ila volteji yake hubaki karibu palepale hadi mwisho, kisha bodi ya ulinzi inakata kila kitu kwa mpigo. Huwezi kusoma chaji iliyobaki kwa kupima volti. Funga mita inayohesabu ampea-saa zinazotoka. Na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0.

Benki ya umeme iliyoandikwa miliampea-saa 20,000 isikudanganye. Namba hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, sawa na wati-saa 74, wakati hesabu ya hapo juu inataka zaidi ya 500. Kompyuta ya mkononi ilishwe kwa kigeuzi cha moja kwa moja kutoka volti 12 kwenda 19. Inveta inapandisha umeme hadi wa ukutani ili chaja iushushe tena, na kila hatua inamega chake.

Betri ya gari ulilokuja nalo iache. Imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikutengenezwa kunyonywa taratibu usiku kucha, na alfajiri utaihitaji. Katika hesabu zako bakisha pia umeme wa kurudisha darubini mahali pake na wa kupandisha joto la kihisi polepole kabla ya kuzima.