Kuchagua na Kumalizia Mbao ya Kitako cha Bunduki ya Kuwindia

Kitako cha bunduki huvunjikia shingoni, pale pembamba nyuma ya kifyatulio panaposhikwa na mkono. Kwa hiyo, unapochagua mbao, anza kutazama hapo: nyuzi zipite moja kwa moja zikifuata mkunjo wa shingo, kwa kuwa zikitokea ubavuni kwa mshazari, teke la bunduki litazipasua siku moja. Mawimbi yanayopendeza macho na kupandisha bei yabaki nyuma, penye unene wa kutosha.

Mjozi, yaani mti wa walnut, umependwa Ulaya na Marekani kwa sababu hauchezi sana unyevu unapobadilika, na hukubali patasi bila kumeguka. Kwetu, mninga nao husinyaa kidogo tu, ilhali mpingo ni mzito mno hata huzama majini. Sioni sababu ya kumbebesha mwindaji mzigo huo.

Mbao ikauke kwanza. Kanuni ya zamani ya maseremala ni takriban mwaka mmoja wa kivulini kwa kila milimita 25 za unene, lakini mizani ni ya kuaminika zaidi: ipime kila mwezi, na uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Kabla ya kumalizia, hakikisha bunduki haina risasi, kisha kitako kitolewe. Piga msasa namba 120, 180, 240 na 320, ukiuzungushia kipande cha mbao ili kingo zisilike, na daima ukifuata nyuzi. Kisha pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Vinyuzi vilivyolala vitasimama na uso utakwaruza kama ndevu za juzi. Ukikauka, viondoe kwa msasa ule wa mwisho, na urudie mpaka maji yasisimamishe kitu.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yapakwe matone machache tu, yasuguliwe kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, kisha yaachwe yakauke kabisa kabla ya tabaka linalofuata. Yakipakwa mengi hubaki yakinata. Wengi husahau kupaka ndani, mtutu unapolala, na mwishoni chini ya bamba la begani, ingawa maji huingilia hapo, mbao ikavimba na kuusukuma mtutu hata shabaha ikahama.

Vitambaa vyenye mafuta hayo visirundikwe, kwa maana hutoa joto yanapokauka na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja au uvitumbukize kwenye ndoo ya maji.