SOMO: Kisiki hai kwa mashamba ya Dodoma

Wakuu, kila mvua zikikaribia naulizwa faragha: "Miche yangu inakauka, nipande mti gani?" Najibu hapa mara moja: usipande, lea visiki vinavyochipua shambani mwako. Hicho ndicho kisiki hai. Ukiniuliza tena nakutumia uzi huu.

Vichaka mnavyofyeka kila mwaka kabla ya kulima vingi ni miti: mikungugu (migunga ya miiba), mikole, mikwaju. Shina limekatwa lakini mizizi iko hai, tena imeshuka hadi kwenye unyevu. Mvua zetu karibu zote ni Desemba hadi Aprili. Mche mchanga hauna mizizi ya kuvumilia kiangazi kinachofuata. Chipukizi la kisiki linayo.

1. Kiangazi, tembea shambani utafute visiki vinavyochipua.
2. Chagua vya kuacha. Unalima kwa plau? Viachie nafasi.
3. Kila kisiki, bakiza machipukizi matatu hadi matano, manene na yaliyonyooka.
4. Pogoa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anabakiza chipukizi moja "likue haraka". Linarefuka likiwa jembamba, upepo unalilaza. Mwingine anashusha panga toka juu, gome linachanika hadi kwenye kisiki, mchwa wanaingia. Noa panga, kata kutoka chini kwenda juu, karibu na shina bila kulichubua. Matawi ya pembeni toa ya nusu ya chini TU. Majani ya juu ndiyo yanayoulisha mti, USIUNYOE KIDUKU.
5. Funga kitambaa cha rangi, kisibane. Wachungaji wajue mti una mwenyewe.
6. Linda dhidi ya mbuzi na moto. Baada ya miezi michache rudi ukate machipukizi mapya.

MASWALI

Mkulima wa Bahi: Mkuu, hiyo miche bei gani?
— Hakuna mche hapa. Soma kuanzia juu.

Dada wa Kongwa: Asante mkuu. Kwetu kuna sehemu tupu kabisa, wazee wanasema ilikuwa ya karanga za Waingereza. Visiki havipo. Kwa nini?
— Swali zuri, dada. Mradi ule wa karanga ulianza 1947, ukafa 1951. Miti iling'olewa kwa matrekta, mizizi na yote, kwa hiyo hakuna cha kuchipua, na udongo ule ukikauka unagoma hata jembe. Chimba makinga maji ya nusu mwezi, mdomo (upande ulio wazi) uelekee maji yanakotoka. Nyasi zitatangulia, halafu miiba, miti baadaye. Usitegemee lirudi pori lilelile.

Mfugaji: Mbuzi unawaonea tu.
— Kondoa, 1979, mifugo iliondolewa kwenye vilima vilivyomomonyoka. Nyasi na vichaka vikarudi, sehemu kubwa vyenyewe. Sijasema uuze wako. Wafungie, uwakatie majani.

Mzee wa Mizinga: Mtundulu, kile kichaka cha miiba, umenijaa shambani, nifyeke wote?
— Hapana, mzee wangu. Ukiufyeka, mizizi inachipua kila upande, unaongeza kazi. Bakiza mashina machache uyapogoe. Matawi ya miiba zungushia visiki vya hatua ya 6, maganda ya mbegu wape mbuzi.

Dada wa Kongwa: Na maganda ya mkungugu?
— Hayo ndiyo yenyewe! Yakianza kudondoka, wahi kabla jirani hajaamka.